American Beauty: imenikatikia pale pale patamu

Naandika hapa na hasira zangu, mwenye kukereka akereke. Juzijuzi nimemwendea kijana mmoja anaetia muvi kwenye flashi, kibanda chake huko njia ya Darajani, simtaji asije akapata wateja wa bure. Namwambia nitilie kitu cha maana, sio mabomu na magari kuruka, akanitilia American Beauty, eti imechukua Oscar tano. Hapo hajadanganya.

Usiku watoto washalala nikaiweka. Wallahi muvi ile ina balaa. Kuna baba mmoja Lester, miaka 42, kazini hana thamani, mke hamtaki, mtoto hamsemeshi, na mwanzo tu anakwambia mwenyewe mwaka hautoisha nitakuwa nshakufa. Ndo akili zikamruka, anamtishia bosi mpaka analipwa mshahara wa mwaka mzima aondoke, anakwenda kuuza baga, ananunua gari la zamani jekundu, anavuta bangi na mtoto wa jirani. (Huku kwetu mtu wa umri huo angeongeza mke tukala pilau yakaisha.) Ile habari ya kumtamani rafiki wa mwanawe imenitia kinyaa, mie nna mtoto wa kike yuko skuli, nikataka kuzima kabisa.

Sikuzima kwa sababu ya sofa. Mke na mume wamekaribiana, mapenzi ya zamani yanataka kurudi, midomo inakaribia kukutana, mara mwanamke jicho likamwangukia chupa ya bia mkononi mwa mumewe, utamwaga kwenye sofa! Sofa la dola 4,000, hariri ya Kitaliana! Imekwisha hapo hapo. Nimecheka mpaka nikakohoa, kisha nikaliangalia kochi letu ambalo mpaka leo lina nailoni yake ya dukani, nikanyamaza.

Sasa mwisho, Lester kakaa jikoni kashika picha ya familia yake anatabasamu, bastola inatokea kisogoni, video ikaganda. Narudisha nyuma, inaganda. Nahamishia kwenye laptopu, pale pale. Nani kamuua? Maana mle karibu kila mtu alikuwa na sababu yake.

Asubuhi narudi kibandani, kijana hata iyafoni hajatoa masikioni, "Kwani mzee, Lester si kasema mwenyewe mwanzo kuwa anakufa? Sasa unataka nini tena?" Mzee! Mie! Ndevu zangu zote nyeusi ukiacha hizi za kidevuni. Namwambia nataka kujua nani, ananijibu "wote walewale tu," na buku yangu harejeshi, karudi kwenye simu yake utadhani nimekuja kuomba sadaka.

Nikatoka pale nasema muvi mbovu, wazungu wamekosa la kufanya. Uongo, si mbovu hata kidogo, tokea siku hiyo kila nikiingia jikoni namuona yule jamaa na picha yake. Ila nyota siipi hata moja mpaka niimalize. Alienayo nzima hapa Mjini anitafute, ntampa buku mbili, na asiniite mzee.