Tepa ipi ununue kwa mashine ya milingi: foti kwanza, Morse mwisho

Ukipima mdomo wa spindo, yaani mhimili unaozungusha kikata, ukapata milimita 31.75, usifurahi bado. Hiyo inaweza kuwa R8, na inaweza kuwa ISO 30. Ikisoma 31.3 hivi, huenda ni Morse namba 4. Ni tepa (matundu ya koni ndani ya spindo) tatu tofauti kabisa, midomo yake karibu inalingana, na holda, yaani kishikio cha kikata, ya moja haikai kwenye nyingine. Wapo waliokwisha nunua seti nzima ya koleti, vile vibano vya kushikia shingo ya kikata, kwa kipimo hicho kimoja, wakarudi karakana na vyuma vya kushikia karatasi zisipeperuke.

Mwongozo huu ni wa mwenye karakana ndogo anayetafuta mashine ya milingi ya mkono, ile inayochonga chuma kwa kikata kinachozunguka, iwe mtumba wa Uingereza au Ujerumani, iwe mpya kutoka China au India. (Nasema milingi kwa sababu ukitaja mashine ya kusaga utapelekwa kwenye unga wa dona.) Mashine utaichagua kwa meza, uzito na beringi. Tepa ya spindo, hata hivyo, ndiyo itakayokula fedha zako miaka yote inayofuata, maana kila holda na kila koleti lazima iifuate. Nazipanga hapa kama ninavyozipanga ninapotoa pesa zangu mwenyewe.

Ya kwanza: ISO 40, yaani foti

Mdomo wake ni milimita 44.45, na mteremko wake ni 7 kwa 24: kwa kila milimita 24 za urefu, kipenyo kinapungua milimita 7. Mteremko huo ni mkali, kwa hiyo tepa haijing'ang'anizi yenyewe. Inavutwa juu na boliti ndefu inayopita katikati ya spindo, na nguvu ya kuzungusha inabebwa na kii mbili (vipande vya chuma vinavyoingia kwenye mifereji ya holda) zilizo usoni mwa spindo. Ukilegeza boliti, holda inaachia kwa kugongwa kidogo tu. Weka mkono chini yake, isije ikaangukia meza.

Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya kazi zinazoingia karakana za kawaida: kusawazisha uso wa silinda hedi, kuchonga njia ya kii kwenye shafti nene, kukata meno ya gia. Kikata chenye kipenyo cha milimita 63 au 80 kinaitikisa tepa ndogo hadi unasikia sauti ikibadilika, lakini foti inakila chuma kimya kimya.

Ila foti si moja, na hapa ndipo nilipochapwa. Niliwahi kununua holda sita za mtumba, safi, hazina hata kutu.

"Hii ni foti?" nikauliza.

"Foti hiyo, bosi wangu. Inaingia popote."

Kweli iliingia. Tepa ilikaa vizuri kabisa, ila boliti ya kuvutia ikawa inazunguka hewani bila kugusa uzi. Zilikuwa BT40, za mashine za kompyuta. Tepa ni ile ile, lakini mkia wa BT40 una urefu wa milimita 65.4, wakati wa ISO 40 ya mashine ya mkono, ile ya kiwango cha DIN 2080, ni milimita 93.4. Nilipungukiwa milimita 28. Nikamlipa fundi wa kukereza anitengenezee boliti nyingine ndefu zaidi, na nafuu ya bei niliyodhani nimeipata ikaishia hapo.

Jambo la pili kwenye foti ni uzi wa hiyo boliti. Za Ulaya kwa kawaida ni M16. Za Kimarekani, zinazoitwa NMTB 40, ni 5/8 ya inchi yenye meno 11 kwa inchi. Unene wake karibu ni mmoja, kwa hiyo boliti inaingia mizunguko miwili kisha inakwama. Ukiongeza spana, umeua uzi wa holda. Baadhi ya mashine za Deckel za zamani zina balaa la tatu: uzi wa S20x2, wenye meno ya upande mmoja kama msumeno, ambao holda za kawaida za dukani hazina. Ni mashine nzuri mno, lakini hakikisha inakuja na holda zake.

Ya pili: R8

Hii ilizaliwa na mashine za Bridgeport za Connecticut, Marekani, na leo Wachina wanaiweka kwenye mashine nyingi ndogo na za kati. Uzuri wake ni kwamba koleti inaingia moja kwa moja ndani ya spindo, bila holda katikati, hivyo unapata nafasi zaidi kati ya kikata na meza, na bei ya kuanzia ni ndogo. Kwa vikata visivyozidi milimita 20, viraka vya moldi, kutoboa na kuchonga slot, R8 inatosha. Usiibebeshe kikata kikubwa cha uso ukategemea maajabu.

Uzi wake wa asili ni 7/16 ya inchi yenye meno 20 kwa inchi, na boliti hiyo si kila duka la hadiwea linayo. Kuna R8 nyingine zinazouzwa na uzi wa M12, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Ndani ya spindo kuna pini ndogo inayoingia kwenye mfereji wa koleti. Ukiikuta imekatika usishtuke wala usiache mashine kwa ajili yake, kwani kazi ya kushika inafanywa na tepa. Itumie kuombea punguzo.

Ya tatu: ISO 30

Mteremko ni ule ule wa foti, umbo dogo. Bridgeport kadhaa zilizouzwa Uingereza zinayo. Inaachia kirahisi na ina kii zake, lakini holda zake za mashine ya mkono ni adimu kuliko za foti, na kwa bei hazipishani sana. Ukipata mashine nzuri ikiwa na holda zake, chukua. Ikiwa tupu, rudi kwenye R8.

Ya mwisho: Morse namba 3 na 4

Morse ni tepa ya keekee, na huko inafaa kabisa. Pembe yake ni nyuzi 3 hivi tu, kwa hiyo inajing'ang'aniza. Kwenye milingi sifa hiyo inageuka adhabu: kila ukibadilisha kikata unapiga boliti kwa nyundo, na kipigo kinatua kwenye beringi. Ukiiacha holda usiku kucha kwenye spindo iliyokuwa ya moto, asubuhi utaikuta imebanwa kama imechomelewa. Na mkia uwe na uzi ndani, si ulimi bapa wa keekee, maana bila boliti ya kuvuta kikata kitaishusha holda kazi ikiendelea.

ISO 50 sijaipanga, kwa kuwa huji kuichagua. Inakuja na jitu la tani kadhaa, na holda yake moja inauchosha mkono. HSK, tepa nyingine, ni ya mashine za kasi kubwa, tuiache. Anayenunua mashine ya kompyuta yenye BT40 au CAT40 aangalie zaidi kile kinundu cha kuvutia kinachofungwa nyuma ya holda: pembe na uzi wake lazima vilingane na makucha ya mashine yake, la sivyo holda itachomoka.

Siku ya kwenda kuona mashine, beba venia, tochi na geji ya saa. Mulika ndani. Morse ni ndefu na karibu imenyooka. R8 ina koni fupi kisha tundu lililonyooka la milimita 24. ISO inaendelea kupungua na ina kii mbili usoni. Pitisha kidole kutafuta mikwaruzo iliyoinuka. Kisha gusisha geji ukutani mwa tepa, zungusha spindo kwa mkono. Mimi hukubali hadi milimita 0.02, sindano ikizidi hapo, bei ishuke au niondoke.

Kwa foti, cha kwanza kununua ni holda moja ya koleti za aina ya ER32 pamoja na koleti zake, ambazo hushika kuanzia milimita 2 hadi 20. Halafu holda ya kikata cha uso, kisha chaki ya keekee. Na boliti ya kuvutia ipakie pamoja na mashine siku hiyo hiyo. Muuzaji akikwambia ataituma kesho, kaa umngoje aitafute.