Skopu ya USB ya bei nafuu: Hantek 6022BE kwa fundi wa Kigoma

Wakuu, kama kazi zako ni chaja kontrola za sola, inverta, redio na amplifaya kama zinazojaa mezani kwetu huku Mwanga na Ujiji, hii Hantek 6022BE, skopu (kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi la umeme) ya kuchomeka kwenye kompyuta, inatosha na hela yake inarudi, ila usiinunue kwa ajili ya ile 20 MHz (mawimbi milioni 20 kwa sekunde) wanayoitangaza.

Ni kaboksi kadogo ka chaneli mbili, unachomeka USB kwenye laptopu na pawa inavuta humohumo, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea na kazi kwa betri ya laptopu, hilo peke yake kwangu ni kubwa sana.

Sasa hiyo 20 MHz. Inachukua sampuli milioni 48 kwa sekunde, yani inapima volti mara hizo na kila kipimo ni kidoti kimoja, piga hesabu mwenyewe, wimbi la 20 MHz linapata vidoti viwili na kidogo, umbo lake utalionaje hapo? Hata kristali ya 16 MHz (ile inayopiga mapigo ya saa) ya bodi ya Arduino inapata vidoti vitatu, utajua iko hai basi. Mimi nataka angalau vidoti kumi kwa kila wimbi, hivyo naihesabu kama skopu ya 4 mpaka 5 MHz, na ukiwasha chaneli zote mbili kasi inapungua tena. Lakini geti ya mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima haraka) inayopiga 100 kHz inapata vidoti 480, unaiona safi kabisa, kona zake zote, na kazi zetu nyingi ziko hapo hapo.

Kinachosumbua kweli ni volti. Bila kupunguza inasoma ±5 V tu, ukiweka probu (waya wa kupimia) kwenye x10, inayogawanya volti kwa kumi, unapata ±50 V, halafu ni biti 8, yani ngazi 256, kwa hiyo kwenye ±50 V kila ngazi ni karibu 0.4 V na yale mawimbi madogo ya 50 mV juu ya laini ya 12 V yanapotea kabisa, unaona mstari umenyooka unasema kapasita nzima kumbe imechoka. Na haina AC kapling (njia ya kuzuia DC na kupitisha mawimbi tu). Dawa yake weka kapasita ya 0.1 µF mfululizo na ncha ya probu, rudisha x1, DC inazuiwa na mawimbi yanatokea.

Programu tumia OpenHantek6022, ni ya bure, inakubali Windows na Linux, mimi naipenda kuliko ile inayokuja na kifaa. PulseView, programu nyingine, nayo inaitambua.

PicoScope 2204A ya Waingereza ni bora, sampuli milioni 100 kwa chaneli moja, inafika ±20 V bila kupunguza, ina AC kapling na jenereta ya mawimbi ndani, japo wao wanasema 10 MHz tu, mnaona sasa namba ya megahezi isivyotosha kuchagulia? Bei yake tu ndo iko juu, Hantek kwa kawaida iko chini ya dola 100 kabla ya usafiri.

La mwisho naomba mlishike sana. Graundi ya probu, graundi ya USB na bodi ya laptopu ni kitu kimoja. Ukibana ile klipu upande wa moto wa pawa saplai (ule ulioungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani), pale kwenye kapasita kubwa yenye volti kama 325, na laptopu imeungwa na ethi kupitia chaja, unapiga shoti na unaua vyote. Kuchomoa chaja sio suluhisho, hapo chuma chote cha laptopu kinakuwa na umeme na mkono wako uko kwenye kibodi. Probu ya x100 inapunguza volti kwenye ncha, graundi haiigusi. Upande huo tumia transfoma ya 1:1 ya kutenganisha kwa kile kifaa unachotengeneza, na kama huna pima upande wa sekondari (ule wa volti ndogo, baada ya transfoma) tu.