Vya kupangia midoli ya watoto, kuanzia cha kununua kwanza mpaka cha kukiacha dukani

Sisi tunakaa Tabata, vyumba viwili na sebule, watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa na wa mwisho miwili. Chumba cha kuchezea hatuna, tuna kona ya sebule kati ya kochi na mlango wa korido, kama futi tano kwa sita hivi, na ndani ya miaka sita nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa mjini kwa ajili ya kupangia midoli. Kingine kipo mpaka leo, kingine kilikufa wiki ya pili. Kwahiyo kama wikiendi hii unataka kushuka Kariakoo au kumpigia fundi simu, soma kwanza hapa.

Ila kuna kazi kabla hujatoa hata mia. Tandika kitenge katikati ya sebule, mwaga kila kitu, yani kila kitu, hadi vya chini ya kitanda na vile vilivyosahaulika kwenye begi la shangazi kaja juu ya kabati. Mimi mara ya kwanza nilihesabu vigari 43 na vyenye mataili yote manne vilikuwa 17 tu. Vilivyovunjika tupa. Vya mtoto mchanga ambaye sahivi yuko darasa la kwanza, osha uwapelekee wadogo kwenye ukoo au kituo cha watoto. Pazo lililopungua vipande toa bila huruma, mtoto analipanga kwa moyo wote akifika mwisho kipande hakipo analia, ya nini sasa. Vinavyobaki gawa mara mbili, nusu inakaa nje, nusu unaficha juu, baada ya wiki tatu nne unabadilisha. Wa kwangu wa kati alipoliona lile lori la njano baada ya mwezi mzima alilikumbatia kama mgeni aliyetoka safari. Na wewe mnunuzi hapo umeshaokoa hela, maana unanunua vya kuhifadhia nusu tu ya ulivyodhani.

Wakati unachambua toa betri kwenye vyote vilivyokufa. Hizi betri za kitufe, zile bapa zinazong'aa kama sarafu, ndo za kuogopa jamani, mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya masaa mawili tu, hapo ni kukimbia hospitali muda huo huo, sio kusubiri itoke yenyewe. Kidoli ambacho kifuniko chake cha betri hakifungwi kwa skurubu kwangu hakikai. Na kama una aliye chini ya miaka mitatu, chukua ile karatasi ngumu ya duara inayobaki toilet pepa ikiisha, kitu chochote kinachopita humo ndani kinaweza kumkaba, hicho kikae juu kwa mkubwa.

Sasa kupanga namba nimetumia kipimo kimoja: mtoto wa miaka mitatu aweze kutoa na kurudisha mwenyewe, kwa mkono mmoja, bila kuita mtu. Kama kurudisha kunahitaji mtu mzima basi atakayerudisha ni wewe au dada, kila siku, saa tatu usiku, mmechoka wote. Bei inafuata, uimara baada ya hapo.

Namba 1: Matenga madogo ya plastiki, ya wazi

Sisemi lile tenga kubwa la nguo chafu. Nasema yale madogo yenye vitundu pembeni, kina chake hakizidi shubiri moja, mtoto akichungulia anaona mpaka chini. Sita yanatosha: magari, wanyama, vya kujengea, vyombo vya kupikapika, wanasesere na nguo zao, rangi na karatasi. Vitundu vinapitisha hewa, na kwa unyevu wa Dar hilo sio jambo dogo, mdoli ukirudishwa na maji kidogo kutoka bafuni ukafungiwa sehemu isiyopumua baada ya siku tatu unanuka. Kuosha ni bomba na sabuni, basi.

Dukani usiangalie rangi kwanza. Ligeuze, bonyeza chini katikati kwa kidole gumba, likibonyea kirahisi na kubaki na alama nyeupe achana nalo, hiyo plastiki itapasuka mwezi wa pili. Alafu pitisha kidole kwenye ukingo na kwenye vishikio, kuna mengine yametoka kiwandani na makali ya kukata kabisa. Chukua yote ya aina moja, ili yakiwa matupu yaingiane na ili siku ukiamua kutengeneza shelfu yakae sawasawa. Ukichukua sita omba bei ya jumla, wengi wanatoa. Muuzaji atakwambia "dada angu chukua hili kubwa moja, linaingiza vyote", usikubali, maana hapo kwenye kuingiza vyote ndo fujo inapoanzia, mtoto anatafuta kitu kimoja anamwaga tenga zima.

Kitu kimoja cha ziada nilichofanya: nilipiga picha kila kundi kwa simu, nikaprinti steshenari, wakanipigia laminesheni, nikabandika mbele ya kila tenga. Asiyejua kusoma anajua gari linarudi wapi. Gharama yake haifiki ya tenga moja, na imefanya kazi kuliko makelele yangu yote.

Namba 2: Shelfu fupi ya fundi

Hii ndo ghali kwenye orodha na ningekuwa na hela siku ya kwanza ningenunua pamoja na matenga siku hiyo hiyo. Nimeiweka ya pili kwasababu matenga yanafanya kazi bila shelfu, shelfu bila matenga inakuwa sehemu ya kurundika tu.

Siri yake ni hii na naomba uishike: nunua matenga KWANZA, alafu beba moja mkononi mpaka kwa fundi. Usimpe vipimo kwa mdomo. Mimi fundi wa kwanza nilimwambia kwa simu futi moja kwa futi moja, akatengeneza vizuri tu, tulipofika nyumbani tenga likagoma kuingia kwa unene wa kidole kimoja, kwasababu futi moja alipima nje, unene wa mbao ukala ndani. Ukimpa tenga lenyewe anapima na lenyewe, mwambie aache nafasi ya vidole viwili kila upande na vitatu juu.

Urefu usizidi kifua cha mtoto wako mdogo anayesimama, kwetu ni futi mbili na nusu, safu mbili, vyumba sita. Mbao mimi napendelea msonobari, ile inayotoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, ni nyepesi na bei yake inavumilika kuliko mninga au mkongo, ila hakikisha imekauka, ikiwa mbichi itapinda. Gusa, kama inahisi baridi na nzito kuliko inavyoonekana bado ina maji. MDF, yani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, inapendeza ikiwa mpya, tatizo deki, kila ukipiga deki maji yanaingia kwenye kingo za chini, inavimba kama mkate uliodondokea kwenye chai. Ukishaamua MDF basi fundi aweke miguu ya kuinyanyua inchi mbili toka sakafuni. Pembe zote zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo, na rangi au vanishi ikauke kabisa hadi harufu iishe kabla haijaingia ndani, hasa kama una anayelamba vitu.

Na ifungwe ukutani. Hata fupi. Skurubu mbili na vyuma viwili vya kona, fundi akiwa na drili ni dakika kumi. Watoto wanafanya shelfu ngazi, wote, hata mpole. Mwaka 2016 kampuni ya fanicha ya IKEA walitangaza yarudishwe makabati ya droo milioni 29 Marekani peke yake baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo, na mwishoni mwa 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria kabisa ya makabati ya nguo yasianguke. Kwahiyo kama umepanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, kaa naye umwombe umuelezee, matundu mawili utayaziba siku ya kuhama.

Namba 3: Kitambaa cha duara chenye kamba

Hiki hakiuzwi dukani, kinashonwa. Kwa vya kujengea vile vidogo vidogo, lego na ndugu zake, hakuna kinachokishinda. Kata duara la kipenyo cha mita moja na nusu, kitambaa kigumu, drili au turubai jepesi, fundi cherehani apinde ukingo aache njia, apitishe kamba. Ukikitandaza ni mkeka, anacheza juu yake, akimaliza unavuta kamba na vyote vimejikusanya kwenye mfuko, unatundika kwenye msumari ambao mdogo hafikii. Kamba iwe fupi ya kutosha kufunga tu, isiwe ndefu ya kuzunguka shingo. Kwetu kabla ya hiki tulikuwa tunakanyaga vipande vya lego usiku tukienda bafuni, wenye watoto mnayajua maumivu yake.

Namba 4: Makontena ya kuonyesha ndani, yenye mfuniko

Kwa ile nusu uliyoificha ni sahihi kabisa, yanapangika moja juu ya jingine, vumbi na mende hawaingii. Kwa matumizi ya kila siku ya mtoto hapana, mfuniko unamshinda, akiuweza anautupa, ukikanyagwa umepasuka. Kinachokufa kwanza ni vile vibanio vya pembeni, vifungue na kuvifunga mara kumi pale pale dukani mbele ya muuzaji, kikiwa kizito mpaka kidole kinauma au kimelegea, rudisha. Yasiyozidi lita 30 yanatosha, makubwa zaidi yakijaa hutaweza kuyashusha toka juu ya kabati peke yako.

Namba 5: Ndoo za rangi za lita 20

Kama bajeti ni ngumu anzia hapa wala usijisikie vibaya, zinadumu miaka. Nzuri kwa mipira, vitu virefu, mapanga ya plastiki. Tafuta zilizowekewa mafuta ya kupikia au kitu cha kula badala ya rangi, na mfuniko weka mbali. Kasoro yake ni kina, vidogo vinazama chini mtoto anaipindua yote. Na isije ikawa leo ya midoli kesho ya maji halafu ikaachwa na maji nusu sebuleni, mtoto anayejifunza kutembea akitumbukia kichwa chini hawezi kujitoa mwenyewe.

Namba 6: Droo za plastiki za ghorofa

Hizi ndo zimenila hela. Zinapendeza, zina maua, nne mpaka tano kwenda juu, na kwa nguo za mtoto mchanga sizisemi vibaya. Kwa midoli zinashindwa kwenye uzito: droo ikijaa haitelezi, mtoto anavuta kwa nguvu, mnara wote unakuja naye. Ya kwetu ilianguka mara mbili, bahati nzuri juu ya kochi. Kama tayari unayo, usiitupe, ivunje ghorofa, nyingi zinachomoka, ziwe mbili mbili chini, vizito chini kabisa.

Namba 7: Shelfu za bomba na kitambaa

Zile za kuunganisha mwenyewe, vibomba vyembamba na viungio vya plastiki. Viatu, sawa. Mtoto akiegemea tu kiungio kinafunguka, na kiungio kimoja kikipotea ndo basi, cha kununua peke yake hupati.

Cha kuacha dukani: sanduku kubwa la mbao lenye mfuniko

Najua linapendeza. Tulimtengenezea mkubwa alipofika miaka mitatu, mninga, jina lake limechongwa mbele, bibi yake alilisifia sana. Ndani ya wiki moja kila alichokipenda kilikuwa chini kabisa. Alikuwa anasimama pembeni anasema "mama, bluu siioni", alafu anatoa kimoja kimoja anatupa nyuma yake mpaka sebule yote imejaa, gari la bluu likipatikana anaondoka nalo, hamsini zingine zimelala sakafuni. Baadae wa kati akainama kuchukua kitu, mfuniko ukateleza, ukamkuta vidole vya mkono wa kulia. Kucha mbili zilikuwa nyeusi, mpaka leo nikisikia mbao inagonga mbao nashtuka.

Kuna na hatari kubwa zaidi ya hiyo, watoto wakicheza kujificha wanaingia humo, na kama kuna komeo likajifunga hewa inaisha. Kama ni zawadi ya babu na huwezi kulikataa, toa komeo lote, toboa matundu ya hewa pembeni na nyuma, weka stei ya kushikilia mfuniko usishuke wenyewe, au fungua bawaba uondoe mfuniko moja kwa moja. Sisi tulifungua bawaba. Sanduku sahivi linakaa mashuka na mablanketi chumbani, na mfuniko wake watoto wanauegemeza kwenye kochi, wanateremshia magari.