Duka la dawa muhimu njia ya Tunduru: karibu kwa hatua, karibu kwa saa

Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, yaani DLDM, maduka yenye mtoa dawa aliyefunzwa na yanayoruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti ingawa wengi waliziuza kwa kificho. Kwa hiyo naona ni haki duka la dawa la Ruvuma lipimwe kwa ukali kidogo kuliko la kwingineko. Ninalolitathmini hapa liko katika kijiji kimoja cha wilaya ya Namtumbo, kando ya barabara iendayo Tunduru.

Ubora wake mkubwa ni saa za kazi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na ukaribu wa huduma hizo kwa kawaida hupimwa kwa kilomita 5. Kipimo hicho hakisemi kwamba wagonjwa wa kawaida wa zahanati huhudumiwa hadi alasiri tu, wala kwamba mkazi wa kitongoji cha ng'ambo ya mto, msimu wa mvua, hulipa nauli ya bodaboda inayozidi bei ya dawa yenyewe. Duka hili huwa wazi hadi usiku, na kwa mzazi ambaye mtoto wake ameanza kuharisha baada ya magharibi, hilo lina uzito kuliko ramani yoyote.

Mtoa dawa, ambaye cheti chake cha mafunzo kimetundikwa ukutani mahali pa kuonekana, anaifahamu kazi yake. Mtu akiomba dawa mseto ya malaria, huuliza kwanza kama amepimwa, kisha umri na uzito wa mgonjwa, na asiyepimwa humwelekeza zahanati hata kama kwa kufanya hivyo anapoteza mauzo. Kwa kuhara hutoa ORS pamoja na zinki, akisisitiza kwamba vidonge vya zinki viendelee kwa siku 10 hata mtoto akipata nafuu mapema. Kijana mmoja aliyetaka kuchomwa sindano dukani alikataliwa kwa upole. Maduka ya aina hii hayaruhusiwi kufanya hivyo.

Kasoro zipo. Wateja wasio na fedha za kutosha huuziwa nusu dozi ya amoksilini, na hapo siwezi kumtetea mtoa dawa, ingawa naelewa kwamba akikataa, mteja huyo ataondoka mikono mitupu. Baya zaidi, anaposafiri au kwenda msibani, kaunta huachiwa ndugu asiye na mafunzo, naye huuza chochote anachoombwa. Afadhali wangefunga. Risiti hutolewa kwa kuombwa tu, na bei ni za wastani.

Kwa homa ya mtoto, kuhara au jeraha dogo, ningemshauri mkazi yeyote wa vitongoji vile aende pale bila wasiwasi, mradi ahakikishe aliye kaunta ndiye mwenye cheti cha ukutani. Mwenye kadi ya bima abebe fedha taslimu, kwa kuwa kadi haipokelewi pale. Mtoto aliyelegea, anayetapika kila anachokunywa au aliyepata degedege, asipitishwe dukani kabisa. Apelekwe moja kwa moja kituo cha afya, hata kama ni usiku.