Thunderbird kwenye laptopu ya ofisi: isikunywee bando

Mugonile, watazamaji wangu! Nipo steshenari kwangu, Mwanjelwa hapa Mbeya, koti mwilini na bado natetemeka, si mnaijua baridi ya Julai. Leo naichambua Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta. Ipo tangu 2004, ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Naipenda. Ila ukikosea kuiseti siku ya kwanza, itakunywa bando kama trekta bovu linavyokunywa dizeli.

Kwa Gmail huna kazi. Unaandika jina na anwani, seva (kompyuta ya mbali inayotunza barua zako) inajijaza yenyewe, halafu linafunguka dirisha la Google unaingilia humo. Usiliogope, ndiyo njia wanayoitaka Google wenyewe, inaitwa OAuth2.

Jasho linatoka kwenye anwani za ofisi, zile zinazoishia .co.tz. Programu ikishindwa kubahatisha, jaza kwa mkono. Shika kalamu: kupokea ni IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva, poti 993, usalama SSL/TLS, yaani kufuli la mawasiliano. Kutuma ni SMTP, poti 465 ukichagua SSL/TLS, au 587 ukichagua STARTTLS, kufuli la aina nyingine. Usizichanganye! Wengi wanaoniletea laptopu wakisema "kaka, zinaingia lakini hazitoki" wameweka 587 halafu wakachagua SSL/TLS. Jina la seva muulize aliyewauzia hostingi, yaani nafasi kwenye seva. Jina la mtumiaji mara nyingi ni anwani nzima, pamoja na kile kipande cha baada ya @.

Sasa POP3, njia nyingine ya kupokea barua, na hapa nikae kidogo. Alinijia katibu wa chama cha wakulima wa kahawa kutoka Mbozi, amenuna kweli. Barua za mnunuzi hazionekani kwenye simu ya mwenyekiti, na wameanza kushukiana. Kufungua laptopu, nakuta POP3, na tiki ya kuacha nakala kwenye seva imetolewa. Kwa hiyo kila ikiwashwa inazoa barua zote, inaziweka kwenye diski yake, huko kwenye seva panabaki peupe. Mwenyekiti afungue simu mara mia, ataona nini? Barua zilikuwepo zote, zimefungiwa kwenye mashine moja mezani kwa katibu. Kwa IMAP barua inakaa kwenye seva, simu na kompyuta zinaona kitu kilekile. Angalizo tu: ukiifuta huku, na kule imefutika. Usije ukadhani una akiba.

Haya, bando. Usipogusa kitu, Thunderbird inavuta barua zote za IMAP hadi kwenye diski, na viambatisho vyake. Gmail yako ina picha za harusi za miaka kumi? GB zinakwisha kabla chai haijapoa. Ingia setingi za akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, chagua siku 30 za karibuni, kisha zuia ujumbe mzito usishushwe wenyewe. Mimi nimeweka kikomo cha KB 500. Mzito ukiuhitaji, unaufungua mwenyewe ukiwa hewani. Na hizo siku 30 unazisoma hata bila mtandao. Nikiwa kwenye basi kwenda Mafinga, mawimbi yakipotea najibu barua zangu taratibu, zinasubiri kwenye kikasha cha kutoka, nikishuka stendi zinaondoka.

Lawama ninayo. Setingi zimetawanyika: za akaunti zina ukurasa wake, za programu zina wake, na ile seva ya kutuma wameitupa chini kabisa ya orodha. Mara ya kwanza utatafuta mchawi.

Tena, nywila zako zinahifadhiwa humo ndani, na yeyote anayekalia kiti chako anaweza kuzifungua akazisoma. Kama mashine mnaishika watu watatu, nenda kwenye faragha na usalama, weka nywila kuu. Mimi nazima kamera, kuna mteja wa picha za pasipoti kasimama mlangoni na baridi yote inaingia humu.