Dima ipi ununue badala ya swichi ya taa?

Kabla ya kununua dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, soma kwanza balbu zako. Wengi huanza na swichi, kisha wanairudisha dukani wakisema ni mbovu, kumbe balbu ndiyo haikutengenezwa kupunguzwa mwanga. Balbu ya LED inayokubali dima huandikwa hivyo kwenye boksi lake. Isiyokubali itapepesa au kuvuma, na huenda ikafa mapema.

Nafasi ya kwanza naipa dima ya LED ya kuzungusha, ile inayokata mwisho wa kila wimbi la umeme. Inawasha taratibu, kwa hiyo saketi ndogo iliyomo ndani ya balbu haishtuliwi. Chagua yenye skrubu ya kurekebisha kiwango cha chini, maana huko chini ndiko kero huanzia: unazungusha kidogo tu, taa inaanza kucheza disko. Unapaisha kiwango hicho mpaka itulie, basi.

Ya pili ni dima janja, inayoendeshwa kwa simu. Nzuri, ila nyingi zinahitaji waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) ndani ya boksi la swichi, na nyumba nyingi za zamani hazina waya huo hapo. Fungua uangalie kabla hujatoa pesa. Na usiiunganishe na balbu janja, zitagombana.

Ya mwisho ni dima ya zamani ya triaki, kijisehemu cha kielektroniki kinachowasha na kukata umeme. Ni rahisi, na kwa balbu za nyuzi au halojeni haina tatizo. Kwa LED ndipo inaposhindwa. Huwasha ghafla katikati ya wimbi, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na mvumo unaousikia hutokana na mishtuko hiyo. Halafu angalia wati zake: iliyoandikwa 40 hadi 400 inataka mzigo usiopungua wati 40, wakati balbu zako nne za LED za wati 6 zinafika 24 tu. Wala hiyo 400 usiihesabie LED. Mafundi wengi huchukua sehemu moja ya kumi, yaani wati 40 za LED kwa juu kabisa.

Kama nyumba ni ya kupanga, acha ukuta. Nunua balbu inayopunguzwa kwa rimoti.

Feni isiwekwe kwenye dima ya taa kabisa. Mota inapata joto na inaweza kuungua.

Siku ya kufunga, zima saketi breka, si swichi ya ukutani peke yake. Jaribu tesita kwenye soketi yenye umeme, ipime kwenye waya za swichi, kisha irudishe kwenye ile soketi uhakikishe bado inafanya kazi. Tesita iliyokufa haitofautiani na waya uliokufa. Piga picha ya waya kabla ya kuzilegeza, na usiamini rangi: kwenye swichi, waya wa bluu mara nyingi ndio unaopeleka umeme kwenye taa. Waya wa ethi (wa ardhini) usiuache ukining'inia.

Taa inayowashwa kutoka sehemu mbili inataka dima ya njia mbili, tena moja tu. Upande wa pili unabaki na swichi yake ya kawaida. Ukikuta waya ambazo huzielewi, rudisha kifuniko, breka ibaki chini, umwite fundi umeme.