QEMU na prosesa 300: yaliyonikuta

Mpwa wangu anasomea kompyuta, na kila akija kwangu Majengo huja na jambo la kuninyima usingizi. Safari hii ameandika programu ya kugawa kazi kwa prosesa nyingi, ataka kuijaribu kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, yenye prosesa 300. "Mjomba, yawezekana?" Mimi nina seva ya mtumba, viini 8, nyuzi 16 (yaani hutekeleza kazi 16 kwa pamoja). Tukaanza baada ya chai.

QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, nimeitumia miaka, na sina ugomvi nayo. Ukiiendesha na KVM, sehemu ya Linux inayoipa mashine pepe prosesa halisi, kila prosesa pepe ni uzi tu, yaani kazi moja ya kupangiwa zamu, mbele ya kerneli (moyo wa mfumo), kwa hivyo waweza kuomba nyingi kuliko ulizonazo. QEMU hukuonya kwamba umepita kiasi kinachopendekezwa, kisha huendelea.

Tulikwama kwenye prosesa 255. Mashine ya aina ya "pc", inayoiga ubao wa i440FX wa miaka ya tisini, haivuki hapo, kwani APIC ya zamani, kifaa cha kupokea mikatizo (ishara za kuiita prosesa), huipa kila prosesa namba ya biti 8 tu. Tukahamia q35, aina ya mashine iliyo mpya zaidi. Kumbe toleo langu kuukuu la QEMU nalo mwisho wake 288! Nikasasisha. Ikakataa tena, mpaka nilipoweka kernel-irqchip=split na kuongeza kifaa cha intel-iommu chenye intremap=on na eim=on. Ukipita 255 sharti utumie x2APIC, yenye namba ndefu zaidi, na bila IOMMU (kifaa hicho cha intel-iommu) ya kuelekeza upya mikatizo, zile prosesa za juu huenda zisifikike. Maelezo haya yapo, ila yametawanyika kama dagaa juani. Hapo nimeipunguzia nyota.

Iliwaka. Polepole mno, feni zikilia, na chumba chenyewe na joto hili la Mombasa ukingoja tu jasho. Kijana aliona kazi yake inagawanyika sawasawa, akafurahi. Kasi usiulize: nyuzi 300 zinagombea 16, na ile iliyoshika kufuli (ruhusa ya kutumia kitu kimoja kwa zamu) ikiondolewa kwenye zamu, wenzake wabaki kuzunguka bure wakiisubiri.

Kwa kazi za watu wa kawaida, shida huwa chini kabisa ya 255. Kuna ofisi moja ya hesabu niliipa Windows 10 Pro prosesa 8, mfumo ukaona 2. Siku mbili nimewalaumu wasio na hatia! Kabla ya toleo la 6.2, QEMU usipoieleza mpangilio hufanya kila prosesa kuwa soketi yake, kama chipu ya peke yake kwenye ubao, na Windows hiyo hukubali soketi 2 tu. Dawa ilikuwa mstari mmoja: -smp 8,sockets=1,cores=4,threads=2. Baadaye nikawapunguzia hadi 4, kwani seva ile ilikuwa na mashine nyingine tatu, na hakuna aliyelalamika.

Nyota 4 kati ya 5. Mpwa wangu keshaanza kuuliza habari za 1024. Nimemwambia aje na feni yake.